Faili lilisema mama hachomi dawa

Mama huyu ana miaka hamsini na kitu, anaishi Mbagala, na kabla adhana ya alfajiri haijasikika huwa ameshawasha jiko la mkaa kukaanga vitumbua vya kuuza. Aligundulika na kisukari miaka kadhaa nyuma. Alianza na vidonge. Viliposhindwa kazi akahamishiwa kwenye insulini ya kuchoma asubuhi na jioni, ule mchanganyiko wa 70/30, yaani wa insulini ya polepole na ya haraka, unaotumiwa na wagonjwa wengi wa kliniki yetu. Alianza na uniti 18 kwa siku. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anaandikiwa uniti 64.

Kila alipokuja kliniki, sukari yake kabla ya kula ilikuwa juu sana: milimoli 16 kwa lita, au 17, safari moja 21. Daktari wa zamu aliandika namba, akapandisha dozi, akampangia tarehe ya kurudi. Safari ya nne ikaingia sentensi mpya: mgonjwa hafuati matibabu. Safari ya tano daktari mwingine akainakili. Safari ya sita ikapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kuanzia hapo kila aliyefungua faili alikutana na sentensi ile kabla hajakutana na mama mwenyewe.

Ninafanya kazi katika hospitali hiyo, na ninaandika kwa ridhaa ya mama. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Kisa kilifumbuliwa na daktari kijana ambaye, akiulizwa alijuaje, husema ni kwa sababu ya vitabu. Hasemi vitabu vya tiba. Anasema riwaya. Nimelipima dai lake hilo kwa muda, na nimeona nilieleze kwa urefu, kwa sababu naamini ni la kweli na linatuhusu sote tunaotibu watu katika jiji hili.

Usiku wa kwanza wodini

Mama aliletwa akiwa na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kimeshaanza kunuka. Akalazwa. Daktari aliyempokea alifanya kinachofanywa kila siku: alichukua dozi iliyomo kwenye faili, uniti 40 asubuhi na 24 jioni, akaihamishia kwenye karatasi ya matibabu. Insulini ikatolewa kwenye friji ya wodi, muuguzi akachoma.

Jioni ile chakula chake kilichelewa. Binti yake alikwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, akafika getini muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mlinzi akamzuia. Mama akanywa uji kidogo aliogawiwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani, akalala. Saa nane usiku mgonjwa yuleyule ndiye aliyemwita sista: "Huyu mama anaongea peke yake, halafu amelowa mwili mzima." Kanga yake ilikuwa inakamulika kwa jasho. Hakujua yuko wapi. Kipimo cha kidoleni kilisoma 1.9. Daktari kijana aliyekuwa zamu akamchoma dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa, na baada ya dakika chache mama akafumbua macho, akaomba maji. Sukari ikishuka namna ile kwa mtu aliyelala peke yake chumbani, wanaomkuta asubuhi wanaweza kukuta maiti.

Kwenye raundi ya asubuhi tukio lile lilipata maelezo papo hapo. Daktari bingwa alitazama faili, akatazama namba ya usiku, akasema mambo yako wazi: hapa anachomwa na muuguzi, sukari inashuka, nyumbani hachomi. Maelezo yale yaliingia barabara kwenye kila kilichokwisha kuandikwa, na hakuna aliyepinga. Mama alikuwa amekaa kitandani anawatazama nyuso, mazungumzo yote yakiwa ya Kiingereza.

Dozi ikashushwa mpaka uniti 34, na kwa dozi hiyo sukari ikakaa kati ya 7 na 10 siku zote zilizobaki. Kidole hakikuokoka, kilikatwa. Mama akaruhusiwa na karatasi ya uniti 34 na maneno makali.

Wiki tatu baadaye alirudi kliniki. Sukari ilikuwa 19.

Nisimulie jana

Siku hiyo aliyekuwepo kliniki ni daktari yuleyule wa usiku ule. Foleni ilikuwa imefika nje, kwenye mabenchi ya chini ya mwarobaini. Alifungua faili, akauona mstari mwekundu, na alikuwa na kila sababu ya kuandika uniti 44 na kumwita anayefuata. Alilifunga. Akamwamkia mama, mama akaitikia, "Marahaba mwanangu." Halafu akamwambia: "Mama, naomba unisimulie siku ya jana. Toka ulipoamka mpaka ulipolala."

Hakumuuliza kama anachoma dawa. Swali hilo mama alikuwa ameulizwa kila safari, kila safari alijibu kwamba anachoma, na kila safari hakuaminiwa. Swali la ndiyo au hapana lilikuwa limekwisha nguvu kati ya mama huyu na sisi. Daktari alimwomba hadithi, na hadithi ina vitu ndani yake: saa, watu, vyombo, njia ya kwenda na kurudi.

Mama akaanza. "Jana niliamka saa kumi. Mchele nilishausaga tangu jioni na unga ulikuwa umeumuka vizuri, nikawasha jiko. Vya kwanza vilipotoka nikamwamsha mjukuu aende dukani kwa Mangi akaniletee dawa."

"Dawa ipo kwa Mangi?"

"Sasa mwanangu, mimi friji natoa wapi? Nilipoanzishiwa niliambiwa hii dawa ikae kwenye baridi, isipokaa kwenye baridi inaharibika. Nikamwomba Mangi, na yeye hakuwa na neno, Mungu ambariki. Anaiweka kwenye friza lake la maji na barafu za watoto. Inakuja imeganda kama jiwe. Naibana kwapani huku nageuza vitumbua, ikiyeyuka nachoma. Sijaruka hata siku moja. Siku ya msiba wa kaka yangu pia nilichoma."

Daktari hakumkatiza. Alimwacha afike mpaka jioni, mpaka kulala, ndipo akaomba kuiona chupa. Mjukuu alikuwa nje na kikapu. Chupa ilikuwa imeviringishwa kwenye leso. Insulini ya aina hii ikiwa nzima, ukiizungusha taratibu kati ya viganja hugeuka kuwa nyeupe sawasawa, rangi ya maziwa, juu mpaka chini. Hii ilikataa kuchanganyika. Juu yalibaki maji maangavu, chini kukatuama chenga nyeupe, na nyingine zilikuwa zimenata kwenye kioo karibu na shingo ya chupa.

Insulini ni protini. Ikigandishwa, chembe zake hushikamana na nguvu yake hupotea kwa kiwango ambacho hakuna anayeweza kukitabiri. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji wote yanasema insulini iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, yaani kwenye friji ya kawaida, mbali na sehemu ya kugandisha. Chupa iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne, mradi iwe mahali pasipo na joto kali wala jua. Kwa lugha nyingine, chupa ile iliyokuwa ikisafiri kwa Mangi kila alfajiri na kila jioni haikuhitaji friji kabisa. Ilihitaji kona ya chumba iliyo poa.

Hayo yote kila daktari wa kliniki ile anayajua. Mama aliambiwa nusu tu: ikae kwenye baridi. Nusu ya pili, kwamba isigande, haikusemwa, kwa sababu aliyetoa maelekezo alikuwa na friji ya nyumbani kwake kichwani, yenye rafu ya mboga na mlango wa mayai. Mama alikuwa na duka la Mangi. Kwa mwaka mzima alitii agizo kwa uaminifu ambao wagonjwa wachache wanauweza, na kwa utiifu huo akaandikwa kuwa ni mkaidi.

Kulisoma faili upya

Jioni ile tulikaa na faili lote, daktari kijana, mfamasia na mimi. Namba zote zilikuwa sahihi. Hadithi ndiyo haikuwa sahihi.

Tazama tukio la wodini. Sukari ya mgonjwa iko juu nyumbani, inaporomoka hospitali kwa dozi ileile. Maelezo mawili yanalitosheleza jambo hilo kwa usawa. La kwanza, nyumbani hachomi. La pili, nyumbani anachoma kitu kisichofanya kazi. Raundi nzima ililiona moja tu, kwa sababu moja lilikuwa limeshaandikwa. Na hili la pili ndilo la hatari zaidi, maana kila tulipopandisha dozi ya dawa iliyokufa tulikuwa tunamwekea mtego: siku atakapopata dawa hai, uniti 64 zitafanya kazi zote kwa pamoja. Ndicho kilichotokea saa nane usiku.

Kinachouma ni kwamba ushahidi wa kuyatenganisha maelezo hayo mawili ulikuwepo siku zote. Chupa moja ina uniti 1000. Kwa uniti 64 kwa siku humalizika baada ya siku 15 au 16, yaani chupa mbili kwa mwezi, na kadi ya dawa ilionyesha mama akichukua chupa mbili kila mwezi, kwa tarehe, bila kupitisha. Zaidi ya hapo, tumbo na mapaja yake yalikuwa na vivimbe laini vinavyotokea mtu anapochoma sehemu zilezile kwa muda mrefu. Mtu asiyechoma hawi na vivimbe hivyo. Wodini alivuliwa, akasafishwa, akapimwa, na vivimbe vile vilionekana na watu wengi. Havikusomwa.

Sisemi hivi kuwalaumu wenzangu. Yule bingwa ni mtu mwema. Mara ngapi nimemwona akimlipia mgonjwa dawa kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana naona wale wanaosema kwamba vitabu humfundisha daktari huruma wanataja sehemu ndogo ya jambo. Huruma ilikuwepo katika kisa hiki. Kilichokosekana ni mashaka: mashaka juu ya msimulizi. Tulimtilia shaka mgonjwa, ambaye alikuwa akisema kweli, na hatukulitilia shaka faili, ambalo pia ni masimulizi, limeandikwa na mtu mwenye haraka, aliyeketi upande mmoja wa meza, na maneno ya mgonjwa mwenyewe hayamo humo hata sentensi moja.

Tulichokuwa tunasoma

Kundi letu la kusoma ni dogo. Hukutana jioni moja mwishoni mwa mwezi kwenye chumba cha semina: madaktari, wauguzi, mfamasia, wakati mwingine mtu wa maabara akipata nafasi. Vitabu vingine tunanunua Mtaa wa Samora, vingine ni vya mitumba vinavyotandazwa chini maeneo ya Posta, na wapo wanaoazima Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Tunasoma vya Kiswahili zaidi. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, kwa sababu wagonjwa wetu wanaumwa kwa Kiswahili.

Kwa madaktari wengi hili ni jambo geni kuliko linavyoonekana. Anayetaka udaktari hapa nchini, akimaliza kidato cha nne huchukua Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha miaka mitano ya shahada, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kwa wengi riwaya ya mwisho kuisoma ni ile ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, na hata hiyo ilisomwa kwa kuwinda dhamira, wahusika na tamathali za semi za kukariri. Halafu inapita miaka kama minane ya vitabu vizito, vyote vya Kiingereza, ambavyo ndani yake mgonjwa ni ini, ni figo, ni namba ya maabara. Mwisho wa njia hiyo tunamkabidhi kijana chumba, meza na foleni ya watu wenye hadithi, na tunashangaa akizikata.

Mwezi ule tulikuwa tumesoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa mashuleni. Rosa analelewa na baba mkali. Akitoka nje ya ukali huo anapotea, na mwisho anajiua. Ukiwasikiliza wanaomhukumu, habari yake ni fupi na ina jina moja baya. Ukisoma kurasa zote, huwezi tena kulitamka jina hilo na kudhani umemaliza kazi. Muuguzi mmoja wa wodi ya wanawake, ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi ya kusema, aliuliza: "Rosa angeletwa kwangu usiku, anatoka damu, ningeandika nini kwenye faili lake? Na wa zamu ya asubuhi angesoma nini?" Mjadala uliwaka mpaka mlinzi akaja kutaka kufunga jengo. Wapo waliosema faili si mahali pa maisha ya mtu, lina kazi yake. Wapo waliosema tayari tunaandika maisha ya mtu, ila tunayaandika kwa neno moja.

Daktari kijana anasema swali la muuguzi yule ndilo lililokuwa kichwani mwake alipouona mstari mwekundu. Alijiuliza nani anazungumza hapa, na nani hajapewa zamu ya kuzungumza. Ndipo akalifunga faili.

Namwamini. Nimemwona akifanya kazi kabla ya kundi na baada yake, na najua kwamba swali la namna ile halitoki kwenye mwongozo wa matibabu ya kisukari. Ila sitaki kulikuza jambo kupita kimo chake. Bibi yeyote mwenye busara, ambaye hajasoma riwaya hata moja, angeweza kumuuliza mama, "Dawa unaiweka wapi?" Mfamasia angeweza. Na wapo wasomaji wakubwa wa riwaya ambao kwa wagonjwa ni watu wa kuchukiza. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba kusoma kipande kifupi cha hadithi yenye ubora wa kifasihi huongeza papo hapo uwezo wa kutambua hisia za mwingine. Yakashangiliwa sana, na mwaka 2016 watafiti wengine waliporudia hawakuyapata matokeo yale. Mimi halinishangazi. Hakuna anayejifunza kusikiliza kwa kurasa chache alizopewa mchana mmoja. Ninachokiona kinajengwa polepole, kitabu baada ya kitabu, tena zaidi pale watu wanapogombana juu ya kitabu kimoja, maana hapo ndipo unapogundua kwamba uliyekaa naye karibu amesoma maneno yaleyale akaona mtu mwingine kabisa.

Wapo waliolifanya jambo hili kwa utaratibu. Rita Charon, daktari wa Columbia University mjini New York, ambaye baada ya udaktari alisomea fasihi mpaka shahada ya uzamivu, aliwapa wanafunzi wake tangu miaka ya 1990 kazi ya kuandika kumbukumbu ya pili juu ya mgonjwa, pembeni ya faili rasmi. Humo wanaandika kwa lugha ya kawaida yale yasiyo na nafasi kwenye faili: mgonjwa alisema nini hasa, nini kilimchoma moyo daktari, nini hakielezeki. Kisha wanasomeana. Daktari wetu kijana alikuwa na daftari la namna hiyo, la kurasa 96, linalouzwa duka lolote. Baada ya usiku ule wa 1.9 aliandika humo: "Mama alipozinduka alisema, mbona dawa ya huku ni kali kuliko ya kwangu." Sentensi hiyo haikuingia kwenye faili, maana hakuna kisanduku chake. Alipoisoma tena baada ya kliniki alikaa kimya kwa muda mrefu. Mgonjwa alikuwa ametupa jibu lote, saa nane na nusu usiku, akiwa bado anatetemeka.

Muda hatuna

Hoja hii huja kila ninapolizungumza jambo hili, na inastahili jibu la heshima, kwa sababu foleni ni ya kweli. Daktari wa kliniki ya kisukari katika hospitali ya umma ya Dar es Salaam akimpa kila mgonjwa nusu saa, wa mwisho ataonwa kesho.

Lakini muda umepimwa. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba daktari humkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu za maelezo yake ya mwanzo. Mwaka 2018 utafiti mwingine wa Marekani ulipata sekunde 11. Sasa weka pembeni yake utafiti wa Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2002: madaktari waliagizwa wawaache wagonjwa 335 waseme mpaka wanyamaze wenyewe. Wagonjwa walizungumza kwa wastani wa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika 2.

Hadithi ya mama, tangu saa kumi alfajiri mpaka alipozima taa, haikufika dakika 3. Kwa upande mwingine hesabu ziara zote zile za kupandishiwa dozi, siku za wodi, chumba cha upasuaji, dawa za kidonda, nauli za daladala za binti, vitumbua ambavyo havikukaangwa. Na kidole.

Yaliyofuata

Mama alipewa chupa mpya siku ileile na dozi ikaanza upya chini, uniti 24, kwa hofu ya kurudia yale ya wodini. Baadaye ikapanda hadi 28 na hapo ikatulia. Mangi aliombwa asiweke tena. Chupa inayotumika sasa inakaa ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine kikubwa, kati yake mchanga unaonyunyiziwa maji, kwenye kona isiyopigwa na jua. Njia hii imejaribiwa katika nchi za joto na inapunguza nyuzi kadhaa. Kwa unyevunyevu wa Dar haipoi sana kama inavyopoa Dodoma, ila chini ya bati la mwezi wa pili kila nyuzi ina maana. Kwa dozi aliyo nayo sasa chupa moja inamtosha wiki nne, na hachukui ya pili kabla ya kumaliza muda wa ya kwanza, hivyo hana chupa ya akiba ya kuitafutia friji. Vipimo vyake vya miezi iliyofuata vilikuwa 8, 7 na 9.

Sentensi yenye mstari mwekundu haiwezi kufutwa. Kumbukumbu za hospitali hazifutwi. Daktari kijana aliandika ukurasa mzima na kuubana mbele ya faili, kwa Kiswahili, na humo akaweka maneno ya mama kama yalivyotamkwa, pamoja na Mangi, kwapa na jiwe. Halafu akaomba ruhusa ya kupitia mafaili mengine ya kliniki yenye sentensi kama ile, na tulifanya kazi hiyo kwa kugawana. Wengine kweli walikuwa hawachomi, kila mmoja na sababu yake, na sababu zile nazo zilihitaji kusikilizwa.

Tulipokiwasilisha kisa hiki kwenye kikao cha idara, bingwa wetu alikisikiliza mpaka mwisho na akakipokea bila kujitetea, jambo lililoniongezea heshima kwake. Pendekezo lake lilikuwa la vitendo: tuongeze swali kwenye fomu ya kliniki, "Insulini unaihifadhi wapi?", na kila anayeanzishiwa aelezwe kwamba isigande. Tumefanya hivyo, na swali hilo limeshawanasa watu wawili wengine, mmoja akihifadhi dawa kwenye friza la samaki. Aliona limetosha, na kwamba hakuna haja ya kuwapeleka madaktari waliochoka kwenye riwaya. Nilimwambia fomu inaliuliza tatizo ambalo tumeshalijua.

Hatukukubaliana siku ile. Mwezi uliofuata akaja mzee mmoja wa Tandika, dereva mstaafu, sukari mara 5, mara 22, haieleweki. Fomu yake ilijazwa vizuri: friji anayo, dawa haigandi. Daktari kijana akamwomba asimulie jana yake, akafika kwenye asubuhi, akasema huwa anavuta dawa "mpaka pale inaposhika". Akapewa bomba la sindano na maji avute uniti 20. Akavuta 32, akalishika mbali na uso, akalisogeza karibu, akalirudisha mbali. Hakuwa anaziona namba, na hakutaka mkewe ajue kwamba macho yanakwenda. Alipelekwa kliniki ya macho siku ileile. Kwa sasa mjukuu wake wa kidato cha pili ndiye anayevuta dozi, na bingwa ameomba tumpe nakala ya kitabu cha mwezi ujao.